Mashine imesema risasi ni 400. Ilijuaje?



Tangu kesi ya Owino Uhuru ivume, sisi watu wa Mombasa tumezoea kutajiwa hesabu za risasi. Sisemi risasi ya bunduki. Nasema ile madini laini na nzito iliyomo ndani ya betri ya gari, ambayo wengine huiita ledi. Udongo wa mahali fulani una kadhaa, damu ya mtoto fulani ina kadhaa, maji ya kisima fulani yana kadhaa. Mtu akiletewa karatasi ya maabara huitafuta ile nambari kwanza, na akishaiona huikunja karatasi. Nambari ikiwa kubwa moyo humshuka, ikiwa ndogo hushukuru.

Swali ambalo ni nadra kulisikia ni hili: mashine ilijuaje? Ililinganisha na nini? Leo nataka tuliangalie swali hilo kwa upole, hasa kwa njia moja ya kupima ambayo inapendwa kwa wepesi wake. Ni njia ya kuutia udongo ndani ya mashine ukiwa mkavu kama ulivyo, bila kuuchemsha kwanza kwenye tindikali.

Kwa walioisahau habari yenyewe: Owino Uhuru ni kijiji kilichoko Mikindani, eneo bunge la Jomvu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo na ambaye mwanawe alipatikana na sumu hiyo mwilini, aliongoza mapambano ya wakazi, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Katikati ya miaka hiyo watu walipima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha watoto wa Owino Uhuru na wenzao wa mtaa wa Bangladesh, huku huku Mombasa. Wastani wa risasi kwenye damu ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita kwa watoto wa Owino Uhuru, na 3.7 kwa wale wa Bangladesh. Kwenye udongo, wastani ulikuwa kama miligramu 146 kwa kilo upande mmoja, na kama 11 upande wa pili.

Nambari kama hizi ndizo zinazobeba kila kitu: fidia, kusafishwa kwa udongo, na jibu la mama anayeuliza kama mtoto acheze nje au abaki ndani. Na yeyote anayeshtakiwa ana haki ya kusimama mahakamani na kuuliza nambari imetoka wapi. Itakuwa aibu yeye ajue kuuliza na sisi tusijue kujibu.

Tuanze na mashine. Ukinyunyiza chembe mbili tatu za chumvi kwenye moto wa jiko la gesi, ule moto wa samawati hugeuka manjano mara moja. Hiyo ni rangi ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Kila elementi ina rangi zake mwenyewe, kama kila ukoo ulivyo na sura yake. Na lenye ajabu zaidi ni kwamba atomu za elementi hufyonza rangi ile ile wanayoitoa. Wingu la atomu za risasi likipitishiwa mwanga wa risasi, huumeza kiasi chake, na kadiri atomu zinavyozidi ndivyo mwanga unaofika upande wa pili unavyopungua.

Aliyeifanya siri hii iwe chombo cha kazi ni Alan Walsh, mwanasayansi aliyekuwa Australia. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia Jumapili asubuhi mwaka 1952, akiwa kwenye bustani yake ya mboga, na mwaka 1955 akalichapisha. Unahitaji taa maalumu ambayo ndani yake mmetiwa risasi yenyewe, ili itoe mwanga wa risasi tu. Kisha unahitaji moto wa kuigeuza sampuli kuwa wingu la atomu, na jicho la kupima mwanga uliobaki. Kwa risasi, mwanga unaotumika sana una urefu wa wimbi wa nanomita 283.3, ambao jicho la binadamu haliuoni kabisa. Mwaka 1959 Boris L'vov wa Leningrad akaja na jambo jingine. Badala ya moto wazi, alitumia tanuri dogo la grafiti linalopashwa kwa umeme. Wingu hubaki ndani ya tanuri badala ya kupeperushwa, kwa hivyo mashine huona hata kidogo sana. Tanuri la siku hizi ni kama mrija mfupi, halizidi urefu wa kidole, na hufika nyuzi 2,000 na zaidi kwa muda wa sekunde chache.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mashine hii haijui risasi ni gramu ngapi. Inajua tu kwamba mwanga umepungua kiasi fulani. Ili upungufu huo ugeuzwe kuwa miligramu, lazima kwanza ilishwe kitu ambacho risasi yake inajulikana, ione mwanga unapungua vipi, na ikumbuke. Kisha ndipo iletewe udongo wako ilinganishe. Kule kuifundisha huitwa kuisawazisha, au kalibresheni kwa lugha yao.

Sonara wa Mji wa Kale anaijua kazi hii kuliko sisi. Ukimpelekea bangili, haiyeyushi. Anaisugua kwenye jiwe lake jeusi ikaacha mstari, halafu pembeni anasugua dhahabu ambayo karati zake anazijua, anatia tindikali, anatazama mistari miwili inavyofanana au kutofautiana. Jiwe peke yake halisemi kitu. Ile dhahabu ya kulinganishia ndiyo inayosema. Ikiwa aliambiwa ni karati 22 kumbe ni 18, kila bangili itakayopita mikononi mwake siku hiyo itahukumiwa kwa uongo, na yeye mwenyewe hatakuwa na habari.

Njia ya kawaida ya kupima udongo ni kuuyeyusha. Mtaalamu huchukua kama nusu gramu, akautia tindikali kali ya naitriki, mara nyingi na nyingine juu yake, akaupasha moto kwa saa kadhaa, akauchuja, akaongeza maji. Sampuli inakuwa maji, na vipimo vya kulinganishia navyo ni maji yaliyotiwa risasi ya kiasi kinachojulikana. Maji kwa maji. Ulinganisho ni wa haki, ingawa njia hii ina taabu zake. Tindikali yenyewe inaweza kuja na risasi kidogo. Vyombo vinaweza kuwa vichafu. Muda unakwenda. Na jambo ambalo wengi hawalijui: tindikali ya naitriki haiumalizi udongo wote. Risasi iliyofungwa ndani ya chembe za mchanga mgumu hubaki chini ya chombo. Kuimaliza kabisa kwahitaji tindikali ya haidrofloriki, inayokula hata kioo na kumuunguza mtu hadi mfupani. Maabara nyingi huiogopa, na haki yao.

Kwa hivyo njia ya moja kwa moja inavutia. Unapima miligramu moja hivi ya udongo mkavu uliosagwa, unaiweka kwenye kijisahani cha grafiti, unakisukuma ndani ya tanuri, na baada ya dakika chache jibu liko kwenye skrini. Hakuna tindikali, hakuna kuongeza maji, hakuna siku mbili za kungoja, na hakuna kilichobaki chini ya chombo kwa sababu hakuna chombo. Kwa mtaa maskini unaotaka kupimiwa sehemu 60 badala ya 6, hii ni neema. Siipingi. Lakini ina mitego mitatu, na mtego wa kwanza ndio mkubwa.

Fikiria sinia la pilau. Ukichota kijiko kimoja ukakuta karafuu nzima, utasema pilau hii ni karafuu tupu. Mwenzako akichota upande wa pili asipate hata moja, atasema mpishi amesahau viungo. Nyote wawili mmesema kweli kuhusu vijiko vyenu na uongo kuhusu sinia. Udongo uliochafuliwa na kiwanda cha betri uko hivyo hivyo. Risasi haikuenea kama sukari kwenye chai. Iko kama chembe, nyingine za madini yenyewe, nyingine za vumbi la betri, zimetapakaa hapa na pale.

Nimelipigia hesabu ili tusiseme kwa makisio. Chukua chembe moja ya duara ya risasi tupu yenye upana wa milimita 0.05, kama unene wa unywele mwembamba. Uzito wake ni kama mikrogramu 0.74, kitu ambacho hata ukipuliza hutakiona kikiruka. Ikiangukia ndani ya miligramu moja ya udongo, chembe hiyo peke yake inaifanya karatasi isome risasi 740 kwa kilo. Chembe ile ile ikiangukia ndani ya nusu gramu iliyoyeyushwa kwa tindikali, inaongeza 1.5 tu. Udongo ni ule ule, chembe ni ile ile, mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wa kijiko.

Dawa ni kusaga. Mpishi akizisaga karafuu zikawa unga, kila kijiko cha pilau kitakuwa na ladha moja. Chembe ile ya milimita 0.05 ikivunjwavunjwa mpaka vipande vya milimita 0.01, unapata vipande 125, na kila kimoja kikiingia kwenye ile miligramu moja kinaongeza kama 6 tu badala ya 740. Ndiyo maana wanaofanya njia hii kwa uaminifu hukaa na kinu cha kusagia kwa muda mrefu kuliko wanavyokaa na mashine. Na risasi ina ukaidi wake: ni laini, kwa hivyo kwenye kinu hubandikana na kutandazika badala ya kupasuka. Mwenye maabara anayekuambia alisaga dakika mbili amekuambia mengi.

Dawa ya pili ni kurudia. Kijiko kimoja hakitoshi, wala vitatu. Ukipima mara 16 na kuchukua wastani, yumbayumba ya bahati hupungua hadi robo yake. Kwa kuwa kila kipimo ni dakika chache, hapo njia hii ina nafasi ya kulipa deni lake. Anayepima mara moja na kuandika jibu ameuchukua wepesi wa njia akaiacha kazi yake. Na yale majibu 16 ukiyatazama yenyewe yana habari. Yakikaribiana, udongo umesagika vyema. Yakiwa 14 chini ya 100 na mawili juu ya 900, basi kuna chembe, na hiyo ni alama ya kiwanda kuliko alama ya udongo wa asili. Mimi ningetaka kuyaona yote, si wastani peke yake.

Mtego wa pili ni ule wa sonara: dhahabu ya kulinganishia. Njia ya tindikali hulinganisha maji na maji. Ukitia udongo mkavu ndani ya tanuri ukaulinganisha na tone la maji lenye risasi, unalinganisha vitu viwili ambavyo havina tabia moja. Risasi ya kwenye tone hutoka kama mvuke kwa mkupuo mmoja. Ile iliyomo kwenye udongo hutoka polepole, nyingine mapema na nyingine baadaye, kwa kuwa imekumbatiwa na mchanga na chokaa. Mabomba mawili yakijaza ndoo moja moja, la kwanza kwa kasi na la pili kwa kutiririka, ukitazama nguvu ya maji utasema la kwanza limetoa mengi. Ukipima ndoo zenyewe utakuta sawa. Kwa hivyo wataalamu hujumlisha mwanga wote uliomezwa tangu mwanzo hadi mwisho, hawaangalii kilele tu. Hiyo husaidia sana, lakini haimalizi tatizo.

Na kwetu Pwani kuna chumvi. Udongo unaopigwa na upepo wa bahari au kuloweshwa na maji ya mkondo una kloridi nyingi. Risasi ikikutana na kloridi kwenye joto hugeuka kloridi ya risasi, ambayo hupaa mapema, kabla tanuri halijafika joto la kupimia. Mashine inapofungua jicho, sehemu ya risasi imeshatoka mlangoni. Jibu linakuwa dogo kuliko kweli, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuonya. Ndiyo maana hutiwa dawa ya kuishika, mara nyingi paladiamu pamoja na magnesiamu, ili risasi ibaki hadi wakati wake. Chumvi hiyo hiyo hutoa na moshi unaoziba mwanga, na mashine isiyo na njia ya kuutofautisha moshi na risasi huuhesabu moshi kuwa risasi. Hapo jibu linakuwa kubwa kuliko kweli. Mashine nzuri hutumia sumaku kali kuvitenganisha, kwa kanuni aliyoigundua Mholanzi Pieter Zeeman mwaka 1896. Chumvi moja, makosa mawili, yakivutana pande mbili.

Njia bora ya kujikinga ni kulinganisha udongo na udongo. Kuna udongo wa rejea unaouzwa na cheti chake: umekaushwa, umesagwa, umechanganywa sawasawa, na risasi yake imepimwa kwa njia zaidi ya moja hadi majibu yakakubaliana. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, imeuza aina kadhaa. Mmojawapo, SRM 2711 kutoka jimbo la Montana, cheti chake kilitaja risasi 1,162 kwa kilo, zaidi au pungufu ya 31.

Lakini soma cheti chote. Cheti hicho hicho kiliagiza kwamba asitumie mtu chini ya miligramu 250 kwa kipimo kimoja. Maana yake NIST inasimama na ile 1,162 ukichota miligramu 250. Ukichota miligramu moja, dhamana haikufuati. Na njia yetu hii inachota miligramu moja! Hapa ndipo watu wengi hupita bila kusimama. Wanaandika kwamba mashine ilisawazishwa kwa udongo wenye cheti, na msomaji anatulia, kumbe cheti kimetumika nje ya mpaka wake. Anayetaka kuutumia kwa miligramu moja hana budi aonyeshe mwenyewe, kwa kuupima mara nyingi, kwamba hata kwa kijiko kidogo namna hiyo wastani unarudi pale pale na mtawanyiko unajulikana. Inawezekana, na kuna wanaofanya. Ila lazima iwe imefanywa na kuandikwa.

Tena kuna suala la ujirani. Udongo wa shamba la Montana haukuwahi kuona bahari. Udongo wa Likoni, wa Mtwapa au wa kando ya mkondo wa Port Reitz una chumvi na chokaa yake. Kulinganisha huu na ule ni kama sonara kulinganisha dhahabu na shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Vipo vipimo vya kulihakiki hilo. Unaweza kuutia udongo wako risasi ya kiasi unachokijua, ukatazama kama mashine itaiona yote. Ukitia 100 ikaona 70, umejua kuna 30 zinazopotea njiani.

Mtego wa tatu ni mfupi kuueleza. Tanuri la grafiti lilibuniwa kwa vitu vidogo sana. Kwenye ule mwanga wa 283.3 linahesabu vyema hadi nanogramu chache za risasi. Miligramu moja ya udongo wenye risasi 1,000 kwa kilo ina nanogramu 1,000. Ni kama kumbebesha sonara gunia la mahindi kwenye mizani yake ya dhahabu. Maji yakizidi risasi unayaongeza maji. Udongo hauongezeki maji. Kilichobaki ni kuhamia mwanga mwingine ambao risasi huufyonza kwa udhaifu zaidi, au kuuchanganya udongo na unga safi wa grafiti, jambo linaloturudisha kwenye sinia la pilau. Kwa maoni yangu, udongo ulio mlangoni mwa kiwanda cha betri ni afadhali uyeyushwe kwa tindikali, na njia ya moja kwa moja iachiwe vitu vyenye risasi kidogo au sampuli ndogo: minofu ya samaki, nywele, kucha, udongo wa mbali na kiwanda.

Kuna tofauti moja ambayo mahakamani huchanganywa sana. Majibu kukaribiana si sawa na majibu kuwa kweli. Muuza duka aliyebandika nta chini ya sahani ya mizani akikupimia sukari mara 20, mara zote 20 utapata kiasi kile kile. Mizani yake ni thabiti, na inakudhulumu kwa uthabiti. Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin, nasi tunaisoma tangu chuoni tukidhani inawahusu wauza nafaka tu. Kurudia huondoa makosa ya bahati, kama lile la karafuu. Kosa la mizani iliyopinda haliondoki kwa kurudia hata mara 1,000. Linaondolewa kwa kulinganisha na kitu cha kweli kutoka nje, na kitu hicho kisiwe kile kile ulichoisawazishia mashine. Udongo wa rejea mmoja wa kufundishia, mwingine wa kumjaribu mwanafunzi. Anayejipa mtihani kwa maswali aliyokwisha onyeshwa majibu atapata alama zote.

Karatasi ikija mkononi, basi, usiikunje haraka. Tafuta kama nambari imekuja na kiasi cha shaka yake, yaani zaidi au pungufu ya ngapi. Nambari tupu isiyo na shaka ni nusu ya jibu. Tuseme imeandikwa 390, zaidi au pungufu ya 60. Maana yake ukweli unaweza kuwa 330 na unaweza kuwa 450. Marekani kwa miaka mingi ilitumia 400 kwa kilo kama kiwango cha kushtukia udongo wa makaazi, kisha mwaka 2024 ikakishusha hadi 200. Kwa kiwango cha zamani, mtu mwenye 390 hawezi kusema yuko salama wala hatarini, na wakili yeyote mwenye akili atacheza hapo hapo. Kwa kile cha 200, hata ile 330 imevuka, na ubishi umekwisha. Shaka ya nambari ina uzito tu pale nambari inapokaribia mpaka.

Tazama pia kama maabara ina ithibati ya KENAS kwa kipimo hicho hasa cha risasi kwenye udongo, kwa kuwa ithibati hutolewa kwa kipimo maalumu. Maabara inaweza kuwa nayo kwa maji ya kunywa na isiwe nayo kwa udongo. Uliza walitumia miligramu ngapi, mara ngapi, na udongo wa rejea upi ndio uliokuwa mtihani, na mtihani huo mashine ilipata ngapi. Fundi mwema hafichi haya. Wengi hufurahi kuulizwa, maana hakuna anayewauliza.

Nililoliacha mwisho hutokea kabla mashine haijawashwa. Udongo uchotwe pale watoto wanapochezea, juu juu, sentimita mbili tatu za mwanzo, kwa sababu vumbi la kiwanda hukaa juu. Uchotwe sehemu kadhaa uchanganywe, na mahali pa kila mchoto paandikwe. Ukikauka upitishwe kwenye chekeche, na hapa muulize mpimaji tundu za chekeche zake ni za ukubwa gani. Chembe zilizo chini ya milimita 0.15 ndizo zinazoganda kwenye vidole vya mtoto na kuishia mdomoni, na mara nyingi ndizo zenye risasi nyingi kuliko mchanga wa kawaida. Mpimaji mmoja akipima udongo wote na mwingine akipima vumbi lililopita kwenye chekeche tu, watatoa nambari mbili tofauti za uwanja mmoja, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Karatasi isiyotaja chekeche irudishwe ikaandikwe.